TDK: Kutoka kutu ya Tokyo hadi sauti za Al Hamra

Kampuni ya Kijapani ya vipuri vya elektroniki, inayojulikana kwa herufi tatu tu, imeingia katika nyumba za Waswahili wengi kuliko inavyodhaniwa. Makala hii inafuata historia yake tangu mwaka 1935, na kuuliza yatakayozipata sauti zilizobaki ndani ya kanda zake.

Mji wa Al Hamra umekaa chini ya Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote nchini Oman, wenye kimo cha takriban mita 3,000. Uko katika eneo la Ad Dakhiliyah, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Nizwa. Sehemu yake kongwe ni nyumba za udongo za ghorofa mbili na tatu, zilizopangana mlimani juu ya mashamba ya mitende yanayonyweshwa kwa falaji. Wenyeji wengi wamekwisha kuzihama. Nyingi zimebaki magofu, na moja, Bait al Safah, imefanywa nyumba ya makumbusho ambako wageni huonyeshwa namna kahawa ilivyokuwa ikikaangwa na mikate ilivyokuwa ikichomwa.

Watalii hupiga picha magofu hayo kisha hupanda Misfat al Abriyin. Huwa hawaingii katika nyumba za saruji zilizo bondeni, ambako Kiarabu na Kiswahili huchanganyika sebuleni. Humo, ndani ya makabati na masanduku ya bati, mna hazina ya aina nyingine.

Nilionyeshwa mojawapo na bibi mmoja aliyezaliwa Unguja. Alilitoa kopo la biskuti lililojaa kaseti, thelathini na kitu, nyingi zikiwa za TDK aina ya D, za dakika 60. Majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino juu ya karatasi zake yalikuwa yamefifia. Nilipoomba kuzisikiliza alinizuia kwa upole.

"Zitazame, mwanangu, lakini usizicheze. Hii moja ina sauti ya marehemu mama. Redio yangu ya mwisho ilikula ukanda. Huu sitaki uliwe."

Ni nani hao waliotengeneza kitu hicho chepesi, ambacho bibi wa Al Hamra anakitunza kama dhahabu? Jawabu linaanzia mbali na muziki, na mbali zaidi na bahari ya Hindi.

Sungura kabla ya sumaku

Herufi TDK ni kifupi cha Tokyo Denki Kagaku, maana yake Elektrokemia ya Tokyo. Jina hilo lilichukuliwa kutoka katika idara ya Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, ambako mwaka 1930 wanasayansi wawili, Yogoro Kato na mwanafunzi wake wa zamani Takeshi Takei, walivumbua feraiti.

Feraiti ni oksidi ya chuma, yaani ndugu wa karibu wa kutu, iliyochanganywa na oksidi za metali nyingine kama zinki au shaba, ikasagwa, ikafinyangwa na kuokwa tanuruni kama chungu. Kinachotoka ni kigae cheusi chenye tabia ya sumaku. Inasimuliwa kwamba jioni moja Takei alisahau kuzima chombo chake cha vipimo, na asubuhi akakuta sampuli yenye kobalti imekuwa sumaku kali, kwa kuwa ilipoa huku ikizungukwa na nguvu ya sumaku. Maabara zina visa vingi vya namna hiyo, na si vyote vya kusadikiwa moja kwa moja. Hiki kimethibitika kwa matokeo yake.

Faida ya feraiti inaeleweka kwa urahisi. Chuma cha kawaida hupitisha umeme, kwa hiyo kikitiwa ndani ya koili ya mawimbi ya kasi kubwa, mikondo midogo huzunguka ndani yake na kuipoteza nguvu kwa njia ya joto. Feraiti ni sumaku isiyopitisha umeme ovyo. Wakati ule, dunia ikiwa inahamia katika redio, kitu hicho kilikuwa kinatafutwa bila ya kujulikana kuwa kinatafutwa.

Mtu aliyeugeuza uvumbuzi huo kuwa biashara hakuwa mhandisi. Kenzo Saito, mzaliwa wa mkoa wa Akita kaskazini mwa Japani, alikuwa akifuga sungura wa Angora kwa ajili ya manyoya yao. Alimwendea Profesa Kato kutaka ushauri wa biashara. Kato alimjibu kwamba viwanda vya Japani vinaishi kwa kuiga uvumbuzi wa wageni, na kwamba nchi haitakuwa na viwanda vyake hasa mpaka ianze na kitu ilichokivumbua yenyewe. Saito akaomba haki za feraiti, akapewa. Mtaji aliupata kwa Shingo Tsuda, aliyekuwa akiiongoza kampuni ya nguo ya Kanebo.

Kampuni ikaundwa tarehe 7 Desemba 1935. Uzalishaji kwa wingi ulianza mwaka 1937, na kufikia mwaka 1945 ilikuwa imekwisha kutoa viini vya feraiti vipatavyo milioni 5, vingi vikiingia katika vyombo vya mawasiliano vya nchi iliyokuwa vitani. Hapo historia ya TDK haina usafi wowote wa pekee. Kama viwanda vingi vya zama zile, ilikua kwa vita.

Ulaya nayo haikulala. Katika miaka ya 1940, J. L. Snoek wa kampuni ya Philips nchini Uholanzi aliiendeleza elimu ya feraiti hadi kiwango kipya, na baada ya vita pakazuka mzozo wa hataza kati ya Philips na Wajapani. Miaka mingi baadaye, mwaka 2009, taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, IEEE, iliuandika uvumbuzi wa Kato na Takei na uzalishaji wa TDK miongoni mwa alama kuu za historia ya fani hiyo.

Saito aliingia siasa na kuwa mbunge. Kampuni ikaongozwa na Teiichi Yamazaki, na chini yake ikapanua kazi: kapasita za kauri mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mnamo muda huo huo, ukanda wa sumaku wa kurekodia sauti. Kwa mtazamo wa kiwanda hilo halikuwa geni. Ukanda wa sauti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma, na oksidi ya chuma ndiyo waliyokuwa wakiijua kuliko kitu kingine chochote.

Kijiti cheusi ndani ya redio

Msomaji aliyewahi kufungua redio ya transista, na katika Afrika Mashariki wengi tuliwahi, kwa udadisi au kwa kuwa fundi alikuwa mbali, atakumbuka kijiti cheusi kilichozungushiwa nyuzi nyembamba za shaba. Kikidondoka huvunjika kama kigae. Hicho ndicho feraiti. Kazi yake ni kuyanasa mawimbi ya kati, na ndiyo sababu mtu akizungusha redio mezani stesheni hupata nguvu au hupotea. Mkonga wa chuma unaovutwa juu ni wa masafa mafupi.

Redio hizo zilibadilisha maisha ya vijiji kwa kuwa zilijitosheleza kwa mawe machache ya betri. Wajapani waliliona soko hilo mapema. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita, mama wa chapa za National na Panasonic, iliunda tawi lake la Afrika Mashariki jijini Dar es Salaam, na betri za National zikawa jina la nyumbani kutoka Lindi hadi Kigoma. TDK haikuwa na jengo huko. Ilikuwa ndani ya vitu vya wengine, kama ilivyo desturi ya watengenezaji wa vipuri: hujulikani, ila usipokuwapo chombo hakiwaki.

Katika Oman ya ndani hali ilikuwa tofauti. Hadi mwaka 1970, chini ya Sultan Said bin Taimur, nchi nzima ilikuwa na shule rasmi tatu tu, na barabara za lami zilihesabika kwa kilomita chache. Watu wa Al Hamra, Nizwa, Ibra na vijiji vya jirani walikuwa wakiondoka kwa vizazi vingi kutafuta riziki Zanzibar, Tanganyika, Kenya, na hata Burundi na Kongo. Wengine waliondoka baada ya vita vya Jebel Akhdar vya 1957 hadi 1959, vilivyopiganwa katika milima hiyo hiyo.

Kisha yakaja mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964. Waliokuwa wametoka Oman, na wajukuu wao ambao hawakupata kuiona Oman, walijikuta wakiuawa, wakifukuzwa au wakikimbia. Waliotaka kurudi walikotoka babu zao hawakupokelewa wote. Milango ilifunguka kwa upana baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwezi Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warejee. Walimu, wauguzi, makarani na wahandisi waliosoma Afrika Mashariki na kwingineko waliingia katika ofisi za serikali mpya. Wenyeji waliwaita Wazanzibari, hata yule aliyezaliwa Bujumbura.

Familia zilikatika vipande. Baba alikuwa Maskati, shangazi Unguja, ndugu mmoja Dubai, mwingine London. Simu zilikuwa chache na ghali, na barua zilisomwa na macho yasiyoandikiwa. Aidha, wazee wengi, hasa wanawake, walisoma Kurani vizuri lakini hawakuzoea kuandika barua ndefu.

Barua za sauti

Kaseti haikuvumbuliwa Japani. Ilitolewa na Philips mwaka 1963, ikionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya redio ya Berlin. Mhandisi aliyeongoza kazi hiyo, Lou Ottens, aliyefariki dunia mwezi Machi 2021, alitaka kitu kitakachoingia mfukoni mwa koti. Philips iliwaruhusu wengine watengeneze bila ya kulipa, mradi wafuate vipimo vyake. Uamuzi huo ndio ulioifanya kaseti moja iingie katika redio yoyote ya dunia.

TDK ilianza kutengeneza kaseti mwaka 1966. Mwanzoni chombo hicho kilikuwa cha makarani: kilitosha kwa imla na mahojiano, si kwa muziki. Ukanda wake una upana wa chini ya milimita 4 na hutembea kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde, mwendo wa kobe ukilinganishwa na mashine za studio. Nafasi ya kuhifadhi sauti ni ndogo mno. Dawa ilikuwa kuufanya unga wenyewe uwe bora: chembe ndogo zaidi, ndefu, zilizolala upande mmoja, zilizobanana. Mwaka 1968 TDK ilitoa kaseti ya SD, iliyoonyesha kwamba kifaa cha makarani kinaweza kubeba muziki kwa heshima. Kanda za bei nafuu za D zilifuata, na mwaka 1975 ikaja SA.

Mombasa, biashara ya taarab iliikamata teknolojia hiyo upesi. Maduka kama Mbwana Radio Service yalirekodi waimbaji wa pwani na kuuza nakala, na sauti za Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh, Malika na Maulidi Juma zilisafiri ndani ya mifuko ya mabaharia na abiria wa ndege hadi Ghuba. Sahani za santuri zilihitaji kiwanda, ilhali kaseti ilihitaji redio mbili na waya. Kila arusi iliyorekodiwa Mji wa Kale ilisikilizwa Maskati na Dubai kabla ya mwezi kwisha.

Si muziki peke yake. Kaseti tupu ikawa barua. Aliyekuwa Al Hamra alibonyeza vitufe viwili vya redio, akaanza kwa salamu, akataja majina ya watoto wote kwa zamu, akaeleza mvua, mitende, maradhi na bei za vitu, kisha akampa kipaza sauti mwenzake. Kanda ilikabidhiwa mtu anayesafiri. Kule Unguja ilisikilizwa na ukumbi mzima, ikalizwa, ikachekwa, ikageuzwa upande wa pili na kujibiwa juu yake. Huko ndiko mkasa ulikoanzia: mara nyingi jibu lilifuta barua. Kaseti mpya zilikuwa adimu Zanzibar kabla ya biashara kulegezwa mwaka 1984, na kanda moja ilikwenda na kurudi mpaka unga wake ukachakaa.

Nimezisikiliza baadhi ya barua hizo kwa ruhusa ya wenyewe. Mhariri aliyezoea kukata maneno ya ziada hana la kukata humo. Kuna kimya kirefu ambacho karatasi isingeweza kukibeba. Kuna jogoo, adhana, mtoto anayekatazwa asiguse redio. Kuna Kiunguja cha miaka ya 1970, chenye maneno ambayo vijana wa leo wa Maskati hawayajui, na wa Unguja nao wameanza kuyasahau.

Vita vya Kolwezi na bei ya sauti

Kaseti ya SA inatupeleka Kongo. Wakati huo ukanda bora ulikuwa wa kromi dioksidi, uliotokana na kazi ya kampuni ya Du Pont ya Marekani iliyokuwa na haki zake. TDK ilipita njia nyingine: iliichukua oksidi ya chuma ya kawaida na kuzivika chembe zake utando mwembamba wa kobalti. Matokeo yalilingana na kromi, na kwa maoni ya mafundi wengi yaliipita kwa utulivu. Jina la kibiashara la unga huo lilikuwa Avilyn.

Mzalishaji mkuu wa kobalti duniani alikuwa Zaire, na migodi yake ilikuwa Shaba, ambayo leo ni Katanga ya zamani iliyogawanywa. Mwezi Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliuteka mji wa Kolwezi. Ufaransa na Ubelgiji zilipeleka askari wa miavuli, mamia ya watu waliuawa, na bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa katika soko la dunia.

Kiasi kinachohitajika kwa ukanda wa kaseti ni kidogo. Pigo kubwa lilikuwa kwa sumaku za spika, zilizotengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli na kobalti. Watengenezaji wa spika walizikimbia na kukimbilia sumaku za feraiti, ambazo hazikuhitaji kobalti na zilikuwa rahisi. Hivyo basi uvumbuzi wa Tokyo wa mwaka 1930 ukapata soko jipya kwa sababu ya vita katika mji wa Waswahili wa Kongo. Spika ya redio iliyonunuliwa mwaka 1980 kwa kawaida ina kigae cheusi nyuma yake, na Kolwezi ni sehemu ya sababu.

Wasomaji wengi watafikiria pia koltani ya Kivu. Hiyo huenda katika kapasita za tantalumu, aina nyingine na yenye masoko yake. TDK ilijijengea jina zaidi kwa kapasita za kauri.

Taa za Piccadilly, nambari za wakimbiaji

Katika miaka ya 1980 herufi tatu zilitoka ndani ya vyombo na kupanda juu ya majengo. Mwaka 1983 kampuni iliacha rasmi jina refu na kuitwa TDK Corporation. Kuanzia mwaka 1990 taa zake ziling'aa katika uwanja wa Piccadilly Circus mjini London hadi mwaka 2015. Kwetu sisi tuliofika Ulaya bila ya tiketi ya kurudi, zilikuwa miongoni mwa alama chache tulizozikuta zikijulikana tayari. Nilikwisha kuziona juu ya kaseti za mama yangu.

Waliokuwa nyumbani waliziona vifuani mwa wakimbiaji. TDK ilidhamini mashindano ya dunia ya riadha tangu yale ya kwanza, Helsinki mwaka 1983, na jina lake likachapwa kwenye nambari za washindani. Mjini Roma mwaka 1987 Wakenya Billy Konchellah, Paul Kipkoech na Douglas Wakiihuri walitwaa dhahabu za mita 800, mita 10,000 na marathoni, na Abdi Bile wa Somalia akatwaa ya mita 1,500. Wakiihuri, kwa njia, alikuwa mwanafunzi wa kocha wa Kijapani Kiyoshi Nakamura na aliishi huko. Udhamini huo uliendelea, na mwezi Septemba 2025 mashindano yalipofanyika Tokyo, mjini kwa TDK yenyewe, Alphonce Simbu alishinda marathoni na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano hayo, baada ya kumpita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe.

Kwaheri ya kanda

Kampuni iliyojifunza kutengeneza kilicho ndani haikuwa na huzuni nyingi kuachana na kilicho nje. Mwaka 2007 TDK iliiuzia kampuni ya Kimarekani ya Imation biashara yake ya vyombo vya kurekodia pamoja na haki ya kutumia jina la TDK juu yake. Kaseti na diski zilizoendelea kuuzwa kwa jina hilo hazikuwa tena zake, na Imation nayo ikajiondoa miaka ya baadaye.

Wakati huo TDK ilikuwa imekwisha kuhama. Mwaka 2000 ilinunua kampuni ya Headway ya California, inayotengeneza vichwa vya kusomea diski za kompyuta. Mwaka 2005 ikanunua Amperex Technology, ATL, kampuni ya betri iliyoanzishwa Hong Kong mwaka 1999. Ununuzi huo wa pili ndio uliogeuza kila kitu. Betri za ATL zimo katika simu nyingi za mkononi, na mapato ya sekta ya nishati yamepita nusu ya mauzo ya kampuni, ambayo katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2024 yalizidi yen trilioni 2. Mmoja wa waasisi wa ATL, Zeng Yuqun, aliondoka na kuiunda CATL, ambayo leo ni mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa betri za magari ya umeme.

Katika betri za simu kobalti imerudi, tena si kwa utando mwembamba. Takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Kolwezi ndiyo kitovu. Tafauti na mwaka 1978, mnunuzi wa kaseti hakuwa na haja ya kujiuliza. Mnunuzi wa simu amekwisha kuonyeshwa picha za watoto mashimoni.

Ukanda hauishi milele

Hapa ndipo tunaporudi Al Hamra, kwa sababu muda unakwisha.

Ukanda wa sumaku haukuumbwa kudumu karne. Gundi inayouunganisha unga na plastiki hulegea kwa joto na unyevu. Kitambaa kidogo chenye springi, kinachoubana ukanda dhidi ya kichwa cha redio, hubanduka. Ukanda wa dakika 90 ni mwembamba kuliko wa dakika 60, nao hunyooka na kukatika kwa urahisi. Nyumba iliyofungwa wakati wa kiangazi cha Oman, umeme umezimwa na wenyewe wamesafiri, ni tanuru. Upande wa pili wa bahari, Unguja na Mombasa, adui ni ukungu.

Adui mwingine ni binadamu. Kituo cha redio nilikoanzia kazi, kabla ya kuondoka nchini kwetu, kilikuwa na chumba kizima cha kanda: watenzi, masheikh, wazee waliohojiwa vijijini. Kanda mpya zilipokosekana tuliagizwa tuzifute na kuzirekodia upya hotuba na taarifa za siku. Nilikuwa kijana, na nilifuta nilizopewa. Sauti zile hazipo popote.

Oman ina Mamlaka ya Taifa ya Nyaraka na Kumbukumbu, iliyoundwa mwaka 2007, ambayo hukusanya hati za familia na masimulizi ya wazee. Lakini barua za sauti ni za faragha. Zina maneno ya ndoa, madeni, mirathi, na ya mwaka 1964 ambayo wasemaji hawakuyasema mbele ya wageni. Familia nyingi hazitazipeleka ofisini, na pengine zina haki. Hivyo kazi inabaki sebuleni.

Mafundi wanashauri mambo machache. Kwanza, yavunjwe meno mawili madogo yaliyo juu ya mgongo wa kaseti, ili isiweze kurekodiwa tena kwa bahati mbaya. Ihifadhiwe ikiwa imesimama, mahali pakavu na pa baridi, mbali na spika na sumaku. Kabla ya kuchezwa, kwanza izungushwe kwa kidole au kalamu kuona kama ukanda unatembea. Isitiwe katika redio ya zamani ambayo haijasafishwa kichwa na vigurudumu vyake vya mpira. Kitambaa kilichobanduka kinaweza kurudishwa kwa kuhamishia ukanda katika ganda la kaseti nyingine, hasa lile linalofungwa kwa skurubu. Na iwekwe katika kompyuta mara ya kwanza inapochezwa, kwa kuwa huenda isiwepo ya pili.

Bibi wa Al Hamra alikubali mwishowe, kwa sharti kwamba mjukuu wake, mhandisi anayefanya kazi Maskati, aishike kaseti yeye mwenyewe. Kijana alileta mashine iliyofanyiwa matengenezo. Kitambaa kilikuwa kimebanduka kweli. Aliuhamisha ukanda katika ganda jipya kwa kibano cha kutolea miba, na bibi akasoma dua chini ya pumzi mpaka kazi ilipokwisha.

Upande wa kwanza ulikuwa na mama yake kwa dakika 27, akianza kwa kuwataja watoto kwa majina. Upande wa pili ulikuwa na taarab iliyochukuliwa redioni, iliyokatwa katikati na taarifa ya habari ya Kiswahili kutoka ng'ambo, msomaji akitaja bei ya karafuu. Mjukuu aliuliza kama aiache hiyo.

"Iache," bibi alisema. "Mama alikuwa akimsikiliza huyo bwana kila jioni."